KIDEVU KISIGUSE KIFUA: Safari ya kumpeleka nyumbani mtoto njiti



Siku ya kuruhusiwa kutoka hospitalini ni siku ya furaha kwa mama aliyejifungua mtoto njiti. Amekaa nasi wiki tatu, nne, pengine miezi miwili. Amejifunza kukamua maziwa, kumlisha mtoto kwa mrija, kisha kwa kikombe, mpaka mtoto akaweza kunyonya titi mwenyewe. Kila asubuhi amesimama mbele ya mzani akihesabu gramu kama mkulima anayepimiwa kahawa yake. Sasa daktari ameandika kwamba anaweza kwenda. Ndugu wamefika na khanga mpya, bibi ameleta togwa, na nje ya geti gari linapiga honi.

Mwezi huu tunapenda tuzungumzie kile kinachoweza kutokea kati ya geti lile na mlango wa nyumba yenu. Kwa miaka mingi sisi wauguzi hatukulisema jambo hili vya kutosha. Tulimfundisha mama kunyonyesha, kumpa mtoto joto, kunawa mikono, na tarehe ya kurudi kliniki. Habari za njiani tulimwachia dereva.

YALIYOTUPATA SISI WENYEWE

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mama mmoja, uzazi wake wa kwanza, aliyejifungua mimba ikiwa na wiki 32. Mtoto alikuwa wa kiume, gramu 1,450. Alikaa kifuani pa mama yake usiku na mchana kwa njia ya kangaruu, na baada ya wiki tano alifikia gramu 2,050. Alikuwa ananyonya vizuri, joto lake halishuki, na kwa zaidi ya wiki mbili hakuwa amekata pumzi hata mara moja. Baba yake mdogo alikuja kutoka Dar es Salaam na gari lake, na ndani yake alikuwa ameweka kiti cha mtoto alichokinunua kwa wauza mitumba. Kusema kweli tulifurahi. Si mara nyingi tunaona kiti cha namna hiyo hapa kwetu, na muuguzi wa zamu alimwita mwenzake aje akitazame.

Mtoto alionekana mdogo mno ndani ya kiti kile, kama embe moja ndani ya tenga. Basi sisi wenyewe, kwa mikono yetu, tukakunja blanketi tukaliweka nyuma ya mgongo wake ili kiti kimjae. Ulikuwa mwezi wa saba na baridi ilikuwa kali, kwa hiyo alikuwa amevaa sweta mbili na kofia. Tukafunga mikanda juu ya hayo yote. Mama, ambaye hutapika akipanda gari, alikaa mbele. Bibi alikaa nyuma, lakini kati yake na mjukuu wake palikuwa na ndoo, begi na mkungu wa ndizi. Mtoto alikwisha kusinzia. Bibi akatuuliza, “Sista, mbona ameinama hivyo?” Tukamjibu, “Bibi, amelala tu, usimwamshe.”

Walipofika Makambako, mwendo wa kama saa moja, dereva alisimama kuweka mafuta. Bibi akaisogeza mizigo akamtazama mtoto. Kidevu kilikuwa kimezama kifuani. Midomo ilikuwa imegeuka rangi kama majivu. Hakuwa amelia wala kutapatapa. Bibi yule hakuwahi kufundishwa huduma ya kwanza mahali popote. Alimtoa mtoto kitini, akamlaza mapajani pake, akamsugua mgongo huku akimwita kwa jina. Mtoto akavuta pumzi moja ndefu, akatulia kidogo, kisha akalia. Wakageuza gari.

Tulikaa naye siku nne nyingine, na safari ya pili ilikwenda salama. Sasa ni mwanafunzi wa shule ya msingi na anakimbia kama watoto wengine. Lakini blanketi lile tuliliweka sisi, na jibu lile alilopewa bibi tulilitoa sisi. Tangu siku ile hakuna njiti anayetoka wodini kwetu kabla hatujatazama jinsi atakavyosafiri.

KWA NINI SHINGO

Tunakuomba msomaji ufanye jaribio dogo. Inamisha kichwa chako mpaka kidevu kiguse kifua, kisha vuta pumzi kwa pua. Utaona hewa inapita kwa shida kidogo. Wewe ni mtu mzima, koo lako ni pana na limekomaa, na ukichoka utainua kichwa.

Mtoto mchanga hawezi. Kichwa chake ni kama robo ya urefu wa mwili wake wote, na kisogo chake kimetokeza nyuma. Ukimkalisha, kichwa hicho kizito huanguka mbele, na misuli ya shingo haina nguvu ya kukirudisha. Njia yake ya hewa ni nyembamba na laini. Fikiri juu ya mrija wa kunywea soda: ukiukunja katikati, soda haipiti hata ukivuta kwa nguvu. Tena mtoto mchanga hupumua zaidi kwa pua kuliko kwa mdomo, kwa hiyo pua ikibanwa na nguo au na kifua cha mtu, hana mlango mwingine wa haraka.

Kwa mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, huongezeka tatizo la pili. Sehemu ya ubongo inayoamuru mwili upumue haijakomaa, na mara nyingine husahau kazi yake. Watoto wachanga wengi husimamisha pumzi kwa sekunde tano au kumi kisha wakaendelea, na hilo halina neno kama rangi yao haibadiliki. Lakini pumzi ikisimama kwa sekunde 20 au zaidi, au ikisimama kwa muda mfupi zaidi na mtoto akageuka rangi au akalegea, hiyo ni hatari. Wodini tunawapa baadhi yao dawa ya kuamsha upumuaji, na wengi huachana na tabia hiyo wanapokaribia umri ambao wangezaliwa kama mimba ingetimia. Wachache huchelewa. Na mtoto ambaye amepona kukata pumzi akiwa amelala chali kitandani anaweza kurudia akikalishwa shingo imekunjika.

Jambo linalotutisha kuliko yote ni ukimya wake. Mtoto anayepaliwa na maziwa hukohoa na kurusha mikono, na watu wote hugeuka kumtazama. Mtoto ambaye shingo imekunjika huzimika polepole kama kibatari kilichoishiwa mafuta, na kwa macho ya abiria wengine anaonekana amelala usingizi mzuri.

WENZETU WENYE MAGARI MENGI WALIYAONA MAPEMA

Nchini Marekani, ambako hakuna mtoto anayeruhusiwa kusafiri garini bila kiti chake, chama cha madaktari wa watoto kilianza tangu miaka ya mwanzo ya 1990 kupendekeza kwamba kila njiti akalishwe kwanza ndani ya kiti hicho akiwa bado hospitalini, akifungwa kipimo cha oksijeni, ili waone kama anapumua vizuri. Hukaa hivyo dakika 90 hadi 120, au muda unaolingana na safari yake ikiwa ni ndefu zaidi. Mwaka 2001 ulitolewa utafiti wa huko huko juu ya watoto 50 waliozaliwa kabla ya wakati kidogo, wiki 35 na 36, na wengine 50 waliotimia. Walipolazwa chali, kiwango cha oksijeni katika damu kilikuwa wastani wa 97 kwa mia. Baada ya saa moja kitini kilishuka hadi 94, na kilishuka kwa makundi yote mawili. Kwa hiyo hata aliyezaliwa kwa miezi tisa kamili asichukuliwe kuwa ni chuma.

Baadaye madaktari wa watoto wa Kanada, mwaka 2016, walisema kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kulifanya jaribio hilo kuwa la kawaida kwa kila njiti. Sisi hatushangai. Mtoto aliyekaa vizuri hospitalini kwa saa moja na nusu, muuguzi akimtazama, si lazima akae vizuri barabarani, kiti kikiwa kimewekwa na shemeji kwa haraka na gari likiruka matuta. Jicho la mtu aliyekaa kando yake linahitajika hata kama amefaulu.

Kuna jambo jingine la Marekani ambalo lilitugusa zaidi. Mwaka 2019 walichapisha uchunguzi wa vifo vya watoto wachanga usingizini vilivyotokea kati ya 2004 na 2014. Kati ya vifo 11,779, watoto 348 walikufa wakiwa katika vifaa vya kukalia, na karibu theluthi mbili za hao walikuwa katika viti vya garini. Lakini waliokuwa wamefungwa kitini kwa namna inayotakiwa hawakufika mmoja kati ya kumi. Wengi walikuwa nyumbani. Kiti kilitolewa garini kikawekwa sebuleni mtoto akiwa ndani, amelala, na wakubwa wakaendelea na shughuli zao.

KITI SI ADUI

Asitokee msomaji wa kusema kwamba wauguzi wa misheni wamekataza viti. Gari likigonga, mtoto aliyepakatwa hurushwa, na hakuna mikono ya mama wala ya baba inayoweza kumzuia. Tumepokea majeruhi wa barabara kuu mara nyingi kiasi cha kutotaka kubishana juu ya hilo. Kiti kinachotazama nyuma ya gari, kikifungwa sawasawa, hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo mwenye gari na mwenye uwezo wa kukipata, akipate. Ila akitumie kama kiti cha safari, wala asikigeuze kitanda.

Kwanza akichunguze, hasa kama ni cha mitumba. Ubavuni au chini yake huwa na karatasi iliyobandikwa inayoonyesha uzito wa mtoto anayefaa. Viti vingine huanzia kilo 1.8, vingine kilo 2.3, na vingine ni vya watoto wa mwaka mzima ingawa kwa macho vinafanana. Kama karatasi imebanduka, mikanda imekatika, plastiki ina ufa, au hujui kama kiliwahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali, fedha hiyo ni bora ungenunulia maziwa ya mama.

Kiti kifungwe kwenye siti ya nyuma ya gari, mtoto akitazama nyuma. Kisiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa unaofumuka gari linapogonga, maana mfuko huo unaweza kumwua mtoto aliyefungwa hivyo. Kiti kiegemee nyuma kwa kadiri maelekezo yake yanavyoruhusu, nusu ya kukaa na nusu ya kulala. Kikisimama wima mno, kichwa kitaanguka mbele. Kikilala mno, hakitamshika gari likigonga.

Sasa mkalishe mtoto. Makalio yake yaingie mpaka mwisho kabisa wa kiti, mgongo ulale bapa. Usiweke blanketi, mto wala khanga iliyokunjwa nyuma ya mgongo au nyuma ya kichwa, kwa sababu ndivyo unavyousukuma kidevu kifuani. Hili ndilo kosa tulilolifanya sisi. Kama mtoto anayumba, viringisha vitambaa viwili vidogo uviweke ubavuni, kimoja kulia na kimoja kushoto, kuanzia begani hadi kichwani. Akiteleza kuelekea chini, kitambaa kingine kidogo kiwekwe kati ya mapaja yake na mkanda wa katikati. Mavazi ya mwilini yawe mepesi ili mikanda imkae vizuri, ukishafunga ndipo umfunike blanketi kwa juu kuanzia kifuani kwenda miguuni. Sweta mbili chini ya mkanda humfanya aonekane amefungwa kumbe ameelea, na shingo hupotea ndani ya sufu.

Ukimaliza, pitisha kidole kati ya kidevu na kifua. Kidole kisipopita, anza upya.

Halafu mtu mzima akae kando yake, pasiwepo ndoo wala ndizi katikati, na kazi ya mtu huyo njia nzima iwe kutazama uso wa mtoto. Tunajua simu ilivyo tamu safarini. Aiweke mfukoni. Huko Uingereza wazazi hushauriwa wasimwache mtoto mchanga kitini zaidi ya nusu saa mfululizo, nasi tumeona ni kipimo kizuri kwa watoto wetu pia. Baada ya muda huo dereva atafute mahali salama kando ya barabara, gari lisimame, mtoto atolewe, alazwe chali au awekwe kifuani, anyonye, kisha aendelee. Safari ya saa moja itachukua saa moja na nusu. Usimtoe kitini gari likiwa linakwenda, hata akilia vipi.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Walikuwa wakisema juu ya malezi, lakini neno hilo limetufaa mara nyingi katika jambo hili. Shingo ikiwa imekunjika, mwamshe. Atalia, na kilio hicho ni pumzi.

WASIO NA GARI, YAANI WENGI WETU

Tumesema sana juu ya viti, na tunajua kwamba familia nyingi zinazosoma ukurasa huu zitapanda Coaster, Noah, bajaji, au pikipiki. Mama wa kwetu hana kiti cha plastiki. Ana mbeleko. Sheria ya shingo ni ile ile.

Mwaka 2010 mamlaka ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa iliwaonya wazazi juu ya mbeleko za dukani zinazotumika huko, baada ya kubaini vifo visivyopungua 14 katika miaka 20. Watoto 12 kati yao walikuwa hawajatimiza miezi minne. Walikuwa wamelala ndani ya kitambaa kama ndani ya mfuko, mgongo umepinda mfano wa ndizi, kidevu kifuani au uso umegandamizwa kwenye mwili wa mama. Tuliposoma habari hizo hatukuziona ngeni. Sisi nasi tuliwahi kumpokea mama aliyekuja kliniki na binti yake wa wiki sita, njiti, akiwa amemfunga ubavuni chini ya titi, juu yake khanga, juu ya khanga blanketi, na juu ya yote koti la mumewe. Basi lilijaa mpaka mlangoni. Mama alikaa kwenye foleni yetu zaidi ya nusu saa akifurahi kwamba mtoto hamsumbui. Alipomfungua apimwe uzito, hakuwa nasi tena. Njiti wana hatari nyingi na hatutasema kwamba tunajua bila shaka kilichomchukua. Tunachojua ni kwamba tangu walipoondoka kijijini hakuna aliyekuwa ameuona uso wake.

Namna bora ya kumsafirisha njiti asiye na kiti ni ile ile aliyoishi nayo wodini. Njia ya kangaruu ilianzishwa mwaka 1978 huko Bogotá, nchini Kolombia, na madaktari Edgar Rey Sanabria na Héctor Martínez, katika hospitali iliyokuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwapa joto. Watu wengine waliiona kuwa ni njia ya maskini. Mwaka 2021 ukatoka utafiti mkubwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania yetu, kwa watoto wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Walioanza kubebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa robo nzima kuliko waliosubiri kwanza mpaka hali zao zitulie.

Mtoto awe wima katikati ya matiti ya mama, ngozi kwa ngozi, amevaa nepi, kofia na soksi tu. Miguu yake ikunjwe kama ya chura. Kichwa kigeuzwe upande mmoja, na kiinuliwe kidogo, kama mtu anayenusa harufu ya chakula kinachopikwa jirani. Kitambaa kimbane mwili wote, ukingo wake wa juu uishie chini ya sikio, usiufunike uso. Mama akiinamisha macho auone uso wa mwanawe, na akiinamisha kichwa aweze kumbusu utosini. Koti au blanketi la baridi lifunike migongo yao, mbele pabaki dirisha la hewa. Baba naye ana kifua, na bibi pia. Mama aliyefanyiwa upasuaji na anayesinzia njiani ampe mwingine, kwa sababu anayembeba mtoto namna hii asisinzie.

Mbeleko ya mgongoni ingoje. Mtoto aliye mgongoni humwoni, na njiti hana shingo ya kukaa huko. Mpaka aweze kuishika shingo yake imara, kwa njiti hilo huchelewa kuliko kwa watoto wengine, abaki mbele. Tunajua akina bibi watanung'unika kwamba wao walibebwa migongoni tangu siku ya saba na hawakufa. Bibi, waliokufa hawapo hapa kutusimulia.

Ndani ya basi chagua siti ya katikati, mbali na mlango na mbali na injini. Mkanda ukiwepo, upite juu ya nyonga za mama, chini ya miguu ya mtoto, usipite juu ya mtoto hata kidogo. Kumbeba kifuani humlinda pumzi na joto, hakumlindi na ajali, kwa hiyo safiri mchana, na usiogope kumwambia dereva apunguze mwendo. Paroko mmoja wa jirani zetu hutumia gari la parokia kuwarudisha akina mama wenye njiti vijijini, na katika jumuiya yake wamenunua kiti kimoja kinachozunguka kutoka familia hadi familia. Tunalitaja kwa sababu limegharimu kidogo kuliko mchango wa sherehe moja ya kipaimara.

Pikipiki hatuishauri kwa njiti. Upepo, vumbi, baridi, na mama hulazimika kumfunika uso mzima. Kama barabara ya kijijini haipitishi kitu kingine, subirini mtoto aongezeke uzito, au semeni nasi mapema kabla ya siku ya kuruhusiwa.

AKIKATA PUMZI NJIANI

Watoto wetu weusi hawaonyeshi rangi haraka usoni. Tazama midomo, ulimi na ufizi. Vikiwa na rangi ya majivu au ya zambarau, au mtoto akilegea kama kitambaa kilicholowa, simamisha gari. Mtoe, mlaze chali mahali bapa, kichwa kikitazama juu bila kukipinda sana nyuma. Futa maziwa au mate mdomoni. Msugue mgongo kwa nguvu kiasi, pigapiga nyayo zake kwa kidole. Wengi huanza kupumua hapo hapo.

Asipopumua, funika pua na mdomo wake pamoja kwa mdomo wako, umpulizie mara tano polepole, hewa ile tu inayojaza mashavu yako, ukiangalia kifua kikiinuka. Kifua kisipoinuka, rekebisha shingo. Kama bado hana dalili ya uhai, weka vidole viwili katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu, bonyeza haraka haraka mara 30 kiasi cha theluthi ya unene wa kifua, kisha mpulizie mara mbili, na uendelee hivyo huku mwingine akiendesha kwenda kituo cha afya kilicho karibu. Msimwagie maji baridi, msimning'inize miguu juu, msimtikise. Na hata akizinduka akacheka, mrudisheni hospitalini siku ile ile.

Wengine hutoa dalili mapema. Mtoto aliyetulia hupumua mara 40 hadi 60 kwa dakika. Akifika 60 na kuzidi hata ukihesabu mara ya pili, akibonyea chini ya mbavu, akiguna kila anapotoa pumzi, akipanua pua, akikataa titi au akiwa wa baridi miguuni, msiianze safari. Hakuna gari litakalowaacha ambalo halina lingine nyuma yake.

Mkifika nyumbani, mtoto atoke kitini au kifuani alazwe chali, mahali bapa, bila mto. Usimwache kitini kwa kuhofia kumwamsha, wala usimwegemeze kwenye kochi ili wageni wamwone. Wageni watamwona akiwa amelala chali.

Kliniki ya njiti wetu ni kila Jumatano asubuhi. Njooni naye kifuani, uso ukionekana, na mkifika getini msikae kwenye foleni ya wote. Mwambieni mlinzi kwamba ni njiti, anajua pa kuwapeleka. Kadi msisahau.